Kigari, mgongo au miguu yake: mtoto wa miaka 4 hadi 7 siku ya matembezi marefu

Mwaka jana wakati wa Nanenane nilitoka Mtwara na binti yangu wa miaka mitano kwenda viwanja vya Ngongo, Lindi. Mdogo wake alikuwa mgongoni kwa mama yao, na mimi nilikuwa nasukuma kigari nilichoazima kwa jirani. Hata stendi hatujafika, mama mmoja wa mtaani kwetu akatusimamisha, akainama, akamgusa mtoto paji la uso. "Pole mwanangu. Baba Salma, mtoto kapatwa na nini?" Hana kitu mama, nikamwambia, tunakwenda Nanenane tu. Akanitazama mimi, akakitazama kigari, akaitazama miguu ya Salma iliyokuwa ikiburuza viatu chini. "Haya," akasema, ile haya ya kumaliza maneno.

Saa tisa alasiri siku hiyo hiyo Salma alikuwa amelala fofofo ndani ya kigari, na mimi nilikuwa napishana na kina baba waliobeba watoto wa umri wake kifuani, mashati yamelowa jasho, viatu vya mtoto vinaning'inia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza binti yangu anaumwa nini.

Desemba yake tukakichukua tena kigari kile kile kwenda ufukwe wa Msimbati. Huko nilikibeba mimi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mtoto mkubwa bado anahitaji kigari, sina jibu la ndiyo wala hapana. Nina maswali ya kumrudishia aliyeuliza. Hapa nazungumzia watoto wa miaka 4 hadi 7, wale wanaotembea vizuri lakini siku nzima inawashinda. Walio chini ya hapo mjadala wao ni mwingine. Na mtoto mwenye ulemavu wa miguu, au mwenye maradhi yanayommalizia pumzi haraka, hayumo kwenye ubishi huu kabisa: kwake kigari au kiti cha magurudumu ndiyo miguu yenyewe, na anayemshangaa aachwe ashangae.

Ninachopima kabla ya kuondoka

Cha kwanza ni njia: lami, udongo, mchanga, ngazi? Huku kwetu Kusini hili peke yake huweza kumaliza mjadala kabla haujaanza.

Cha pili ni uzito. Kwa chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani wa miaka 4 ana kama kilo 16, wa miaka 5 kilo 18, wa miaka 6 kilo 20 na ushee, na wa miaka 7 anakaribia kilo 23. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Mtoto wa darasa la kwanza basi ni ndoo iliyojaa, ila ndoo haikuombi urudi nyuma ikamwangalie yule ng'ombe mkubwa mara ya pili.

Kisha usingizi na jua: mtoto huyu bado analala mchana? Kuna kivuli? Kisha usafiri, kwa maana ya kile mtakachopanda kwenda na kurudi, na mtakaa wapi na vitu vyenu. Kisha watu: msongamano ukoje, na mtoto akipotea itakuwaje. Mwisho, moyo wa mtoto mwenyewe. Mwenye miaka sita ana heshima zake, na kumsukuma mbele ya wenzake wa shule ni jambo ambalo anaweza kulikumbuka muda mrefu kuliko maonyesho yenyewe.

Kigari

Njia. Kwenye lami na sakafu, hakuna kinachokishinda kigari. Kwenye udongo uliokanyagwa, kama njia nilizopitia Ngongo, kinakwenda kwa malalamiko: vumbi linaingia kwenye ekseli na magurudumu yanaanza kulia kama mlango wa ghala. Kwenye mchanga mlaini ndipo kinapokufa. Vigari vingi tunavyovipata mitumbani ni vile vyepesi vinavyokunjika kama mwavuli, na magurudumu yake ni madogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Uzito wote unakaa kwenye eneo dogo, gurudumu linazama, na yale ya mbele yanayozunguka yanajipinda upande na kufunga breki yenyewe. Ukikwama, usiendelee kusukuma. Kigeuze, ukivute nyuma yako kama mkokoteni, magurudumu ya nyuma yatangulie. Utafika kwenye ardhi ngumu, lakini usipange siku nzima kwa mtindo huo.

Uzito. Angalia kibandiko, mara nyingi kiko chini ya kiti au kwenye fremu. Vigari vingi vya kawaida vimepimwa kwa mtoto wa hadi kilo 15, na vichache hufika kilo 22. Maana yake mtoto wa wastani wa miaka minne tayari amekizidi kigari cha kilo 15, hata kama makalio yake bado yanaenea kwenye kiti. Dalili utaziona: fremu inapanuka, magurudumu yanalalia nje, magoti ya mtoto yamepanda karibu na kidevu. Cha mtumba kikague kama unavyokagua baiskeli. Bonyeza breki kisha usukume. Funga na kufungua mkanda mara kadhaa. Kikunje na kukikunjua uone kama kufuli la fremu linashika, maana fremu ikijikunja mtoto akiwa ndani, vidole ndivyo vinavyolipa.

Usingizi na jua. Hapa kigari hakina mshindani. Mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukihesabiwa humo, na wa miaka mitano aliyeamshwa saa kumi alfajiri kuwahi basi hana tofauti naye siku hiyo. Kwenye kigari analala bila kumlalia mtu, na wewe unaendelea kutembea. Ila kuna kosa nililolifanya mimi na nimeona wengi wakilifanya: kumfunika gubigubi kwa kanga ili jua lisimpige. Hewa ya ndani haitoki, joto linapanda haraka, na kwa kuwa humwoni uso hujui. Kanga ifungwe juu kama paa, pande ziachwe wazi. Na asikae amefungwa mkanda zaidi ya saa nzima mfululizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano unasema hivyo, na kwa huyu mkubwa sioni sababu ya kumfunga muda mrefu kuliko mdogo wake.

Usafiri. Kikikunjwa kinaingia kwenye buti la basi, ingawa konda anaweza kukihesabu kama mzigo, kwa hiyo mmalizane kabla ya kupanda. Kwenye bajaji kinakaa nyuma ya kiti au miguuni kwenu. Kwenye bodaboda sahau. Kwenye mashua kinakuwa abiria wa ziada asiyejishika.

Watu. Mtoto aliye kwenye kigari hapotei, na hilo peke yake limewafanya wazazi wengi wakipende. Lakini katikati ya umati anachoona ni viuno vya watu, na wewe unawagonga watu visigino kila hatua nne. Halafu kuna suala la mikoba. Sisi tulining'iniza kwenye mkono wa kigari begi lenye chupa ya maji, hotipoti ya pilau na nguo za kubadilisha. Salma alipoona mbuzi akaruka chini bila taarifa. Kigari, kilichokuwa kinashikiliwa na uzito wake tu, kikaenda chali. Hotipoti ikafunguka. Pilau ya watu wanne ililiwa na kuku wa maonyesho, ambao nadhani walipata nafasi ya kwanza mwaka ule. Mizigo mizito iwekwe kwenye kapu la chini ya kiti, isining'inizwe.

Moyo wa mtoto. Wa miaka minne hajali. Wa miaka saba anajali sana. Ukisikia "mimi si mtoto mchanga", usibishane naye.

Kinamfaa nani? Mwenye safari ya siku nzima kwenye njia ngumu, mzazi aliye peke yake na watoto wawili, mama mjamzito, mtu mwenye mgongo unaouma, na mtoto ambaye bila usingizi wa mchana jioni yenu yote inaharibika.

Mgongoni na mabegani

Njia. Mgongo unapita popote: mchanga, ngazi, maji ya magotini, gogo la kuteremkia kutoka mashuani. Tulikulia humo wote na hakuna haja ya kuusifia zaidi.

Uzito. Tatizo liko hapa. Mbeleko ya kanga iliyombeba mtoto wa kilo tisa siku nzima haitambeba wa kilo kumi na nane hata nusu saa bila kuteleza. Kitenge ni kizito na kinashika vizuri zaidi. Upande wa chini upite chini ya makalio hadi nyuma ya magoti, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, na kifundo kikazwe kifuani badala ya shingoni. Hata hivyo miguu ya mtoto wa miaka mitano inafika kwenye mapaja yako na inakupiga kila hatua. Mabegani ni afadhali kwa baba mwenye shingo nzima: uzito unashuka moja kwa moja kwenye mgongo, na mtoto anafurahi. Mimi nafika dakika kumi na tano, labda ishirini nikiwa nimekula. Wanaosema wanabeba saa nzima nawaheshimu, lakini nimewaona wakiegemea nguzo za mabanda.

Usingizi na jua. Mgongoni analala vizuri, lakini miili miwili iliyogusana kwenye jua la saa saba ni jiko la mkaa. Mabegani asilale kabisa. Akianza kusinzia kichwa kinalegea, na ukimshika vifundo vya miguu tu anaanguka nyuma. Ule mwongozo wa saa moja mfululizo unamhusu pia mtoto aliyefungwa mgongoni, jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii kwa sababu tumezoea kuona kigari ndicho cha kigeni na mgongo ndio wa asili.

Usafiri. Huna cha kukunja wala cha kulipia.

Watu. Mabegani mtoto ndiye mnara wa familia. Anaona jukwaa, ngoma, gwaride, na mama yake anamwona kutoka mbali. Angalia kamba za mahema na mabati ya vibanda. Wewe unapita, yeye hapiti. Kwenye ngazi na kwenye utelezi mshushe.

Moyo wa mtoto. Hapa mgongo unawashinda wengine wote. Sijamwona mtoto wa miaka saba anayeona aibu kukaa mabegani kwa baba yake. Kuwa juu ni cheo.

Unamfaa nani? Wenye kipande kifupi kigumu katikati ya safari, familia yenye watu wazima wawili au watatu wa kupokezana, na kila anayekwenda mahali penye mchanga au maji. Haumfai aliye peke yake na safari ya saa sita.

Miguu yake mwenyewe

Watu wengi husema hili kwa jeuri: atembee, sisi tulitembea. Kweli tulitembea, lakini tulitembea kwenda mahali. Mtoto wa miaka mitano anayeshinda Shangani ufukweni akikimbia tangu asubuhi hadi magharibi, mpeleke kwenye banda la mbegu za ufuta: baada ya dakika kumi anasema miguu inamuuma. Hadanganyi. Kukimbia ni kazi yake. Kusimama akingoja wakubwa wamalize kuuliza bei ya kiuatilifu cha mikorosho si kazi yake. Mtoto wa umri huu huchoshwa zaidi na kusimama, na kwa kuwa ana hatua mbili kwa kila moja yako, anachoka kufuata mwendo ambao hakuuchagua.

Kwa hiyo miguu yake inaweza, mradi siku ipangwe kwa ajili yake. Kwetu limefanya kazi jambo moja kuliko yote: anzia mbali, malizia getini. Mkiingia asubuhi mkiwa na nguvu, piteni moja kwa moja hadi mwisho wa viwanja bila kusimama, kisha mrudi taratibu mkitazama. Saa mtoto anapoishiwa, mko karibu na njia ya kutokea. Wengi hufanya kinyume: wanatazama banda la kwanza, la pili, la tatu, na mtoto anazima wakiwa kwenye kona ya mwisho kabisa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wenyewe huwa mbali na bajaji.

Njia. Miguu haichagui, ila viatu vinachagua. Kandambili kwenye mchanga sawa, kwenye magofu yenye mawe ya matumbawe hapana. Viatu vipya vya sikukuu visianziwe siku hiyo.

Uzito. Wako wewe: sifuri, hadi saa ya mwisho. Saa ya mwisho ni yote. Anayechagua miguu ajiulize kabla ya kutoka nyumbani: huyu akigoma, nani anambeba, na kwa umbali gani? Jibu likiwa "tutaona", huo bado si mpango.

Usingizi na jua. Udhaifu mkubwa. Hakuna pa kulala, basi lazima pawe na pa kukaa. Sisi tunakwenda kama dakika arobaini, tunakaa robo saa kivulini, tunakunywa dafu au maji, tunasonga. Mkeka mdogo kwenye begi ni mwepesi kuliko kigari, na ukitandikwa chini ya mwembe ni kitanda. Ondokeni mapema, mkae kivulini saa sita hadi saa nane, na muwe tayari kurudi wakati wengine ndiyo kwanza wanafika.

Usafiri. Mtoto anapanda chochote mnachopanda. Kwenye basi lenye watu wengi mikono yako ni mitupu, unamshika yeye.

Watu. Huyu ndiye anayepotea. Namba ya simu iandikwe kwa kalamu ya wino ndani ya mkono wake, siyo kwenye karatasi mfukoni. Mpige picha asubuhi na nguo alizovaa, maana ukiulizwa na askari kavaa nini, akili inakimbia. Kila mkiingia mahali mwonyeshe mtu wa kumwendea akipotea: mwenye sare, au mama aliye na watoto wake.

Moyo wa mtoto. Anayetembea anachagua. Anachuchumaa, anashika, anauliza kwa nini korosho imening'inia chini ya bibo na haimo ndani yake. Sehemu kubwa ya anachokumbuka Salma kuhusu Ngongo ni ya saa mbili za kwanza, alipokuwa bado anakikataa kigari. Na wale wanaoogopa kwamba kutembea ni kumtesa mtoto, mwongozo ule ule wa 2019 unataka mwenye miaka 3 na 4 apate walau dakika 180 za kuushughulisha mwili kwa siku, 60 kati yake za kumfanya atwete. Siku ya maonyesho anazipata kabla ya adhuhuri.

Inamfaa nani? Safari ya saa tatu au nne, mtoto asiyelala tena mchana, na mzazi asiyeona uchungu kuondoka kabla hajaona kila kitu. Hili la mwisho ndilo gumu. Nauli ya kutoka Mtwara umeshalipa, unataka ione thamani yake.

Wanaochanganya

Sijawahi kuona familia iliyotumia njia moja tangu asubuhi hadi jioni. Hata sisi wa kigari, mtoto alitembea nusu ya siku huku kigari kikibeba maji na mdogo wake. Kuchanganya kuna gharama moja tu, na watu huisahau: kigari kisichokaliwa lazima kisukumwe na mtu. Ukikiacha nje ya banda, funga gurudumu kwa mnyororo wa baiskeli na usiache simu wala pochi ndani. Mkubwa akichoka na mdogo akiwa ndani, msiwarundike wawili kwenye kiti cha mmoja. Mdogo arudi mgongoni kwa mama, mkubwa aingie.

Kulingana na safari yako

Nanenane, Ngongo. Sherehe za kanda yetu huwa mwanzoni mwa Agosti hadi tarehe 8. Ni kiangazi, upepo wa kusi unavuma, asubuhi kuna ubaridi wa kudanganya na mchana vumbi. Anayetoka Lindi mjini na mtoto wa miaka sita aende kwa miguu yake na arudi saa saba. Anayetoka Mtwara, kilomita 100 na ushee kila upande, ameshaamsha mtoto usiku. Huyo afikirie kigari kwa ajili ya usingizi hata kama njia zina vumbi. Tarehe 8 yenyewe watu ni wengi, na kigari kinakuwa jahazi kwenye mkondo mwembamba. Tarehe 3 au 4 kinapita.

Sabasaba, Dar es Salaam. Mabasi ya Kusini yanaingia Dar kwa Barabara ya Kilwa, na viwanja vya Mwalimu Nyerere viko kwenye barabara hiyo hiyo, Temeke. Usishawishike kushuka kwenye basi na kuingia moja kwa moja na mtoto aliyekaa kitini zaidi ya kilomita 400. Laleni kwanza kwa ndugu. Viwanja ni vikubwa na njia kuu za ndani ni za lami. Hapa kigari kinajilipia hata kwa mwenye miaka mitano, isipokuwa Julai 7 yenyewe, ambapo ningechagua mabega na watu wazima wawili.

Mabwawa na michezo ya Dar, kama Kunduchi au Fun City ya Kigamboni. Mtoto atakuwa majini au kwenye bembea, hatatembea sana. Kigari kitakaa kimekunjwa siku nzima. Chukua mkeka, taulo na nguo kavu.

Kilwa Kisiwani. Magofu yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, na mtoto wa miaka sita ana umri wa kutosha kuyafurahia: ngome iitwayo Gereza pale mnapofikia, Msikiti Mkuu na nguzo zake, kisha mwendo mrefu zaidi hadi kasri la Husuni Kubwa. Mnavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Maji yakiwa yamekupwa mnaweza kuteremka na kutembea majini kidogo. Kigari kiacheni Masoko. Hapa ni miguu yake na mgongo wa mtu mzima mwenye nguvu kwa safari ya kurudi. Kama mtoto ni wa miaka minne, tazameni Gereza na Msikiti, Husuni Kubwa iacheni iwe sababu ya kuja tena.

Mikindani. Mji ni mdogo, unamalizika kwa saa mbili. Kilima cha kwenda kwenye Boma la Wajerumani kinapandika kwa mtoto yeyote mwenye ahadi ya soda juu.

Msimbati. Mchanga, mchanga, mchanga. Nimeshasema nilichobeba.

Nje ya nchi. Walio na ndugu Marekani huniuliza kuhusu bustani kubwa za burudani za kule. Sheria za kigari huko ni za kupimwa kwa futi kamba: kwenye bustani za Disney za Marekani, tangu Mei 1, 2019, kigari kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132, na vile vya mtindo wa mkokoteni wa kuvuta haviingii. Foleni za michezo haziruhusu vigari, vinaachwa kwenye maegesho yake nje, kwa hiyo kwenye foleni, ambako ndiko mtu husimama zaidi, mtoto anasimama kwa miguu yake vilevile. Lakini ardhi ni lami na zege kutoka geti hadi geti, mwendo ni wa siku nzima, na kumsukuma mtoto wa miaka sita ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna atakayemgusa paji la uso. Vya kukodi vipo hapohapo. Hapo kigari kina hoja nzito hata kwa mtoto ambaye Mtwara ungesema ameshakizidi.

Bibi anayekwenda peke yake na wajukuu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine saba, popote penye njia ngumu: achukue kigari hata kama wote wawili wamesema hawakitaki. Asubuhi kitabeba maji, mkeka na hotipoti, kwenye kapu la chini. Ikifika saa tisa, wagombea wa kile kiti watakuwa wawili, na wa miaka saba ataanza kueleza kwamba mguu wake mmoja una maumivu ya zamani.